Milulu Nyuma ya Tuta

Vijana wangu wa idara ya maji,

Siku mliponiaga mliniuliza siri ya kutunza mabwawa ni nini, nami nikajifanya nina wali mdomoni. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu linalofaa kusemwa mbele ya keki. Sasa niko nyumbani Iyunga, malori yanapita barabara kuu mchana kutwa, sina bwawa lolote la kukagua, na bado mawingu yakikusanyika upande wa mlima natoka nje kuyatazama. Kwa hiyo naandika. Habari za vyeo na mishahara mtaziona wenyewe, na mkiziona mtajua kwa nini nimeziruka. Mimi nitawaeleza habari ya mmea mmoja na hofu iliyokuja nao.

Nilianzia Rujewa, kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga. Siku ya kwanza nilipewa mabuti ya mwanaume aliyehamishwa, makubwa kiasi kwamba nikigeuka, mguu ulikuwa unageuka ndani na buti linabaki kutazama mbele. Nilitumwa kusimamia vibarua wang'oe ndago mferejini. Kama hamjawahi kupigana na ndago, zina viazi vidogo chini ya udongo. Unang'oa leo, kesho kutwa zimekuja tena na ndugu zao. Kabla jua halijapanda vizuri nilikuwa nimetumbukia mferejini mpaka kifuani. Vibarua, kina mama wa Kisangu na vijana wa Kisukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wa baba zao, walishindwa hata kunicheka kwa nafasi, maana eti mimi ndiye bosi.

Aliyenivuta mkono kunitoa alikuwa Fundi Sanga. Alikuwa Mkinga mfupi, mwenye maneno machache, na ndiye aliyepewa kunifundisha kazi. Hakusema pole. Alinipa bua la ndago na kuniambia nilizungushe kati ya vidole.

"Unahisi nini?"

"Lina pembe."

"Ngapi?"

"Tatu, Fundi."

"Basi umeshawajua ukoo mzima. Ndago, mafunjo, milulu, wote hawa ni watu wa maji. Ukiwaona mahali, jua maji yapo, hata kama wewe huyaoni."

Katika mkoba wake wa turubai, pamoja na kamba, nyundo na vigingi vya kupimia, alibeba glasi ya kunywea maji iliyofungwa kwenye kitambaa. Kwa muda mrefu niliamini mzee anakunywa kwa siri.

Baadaye tulihamishiwa mabwawa ya upande wa Iringa, yale madogo ya udongo yaliyojengwa kwa ajili ya bustani na mifugo. Huko ndiko nilikofahamiana na milulu. Inaota kwenye mabonde yenye maji, imesimama wima, kijani kilichokolea, na akina mama wa Kihehe huikata, huipasua, huianika na kuisuka vikapu. Zamani kikapu kilichosukwa kwa mkono uliokaza kilitumika hata kuchujia pombe. Ng'ombe hula machipukizi yake kiangazi, na mizizi yake imeshikana kama nywele zilizosukwa, ukipiga jembe linarudi.

Mwaka wangu wa kwanza huko, tuliambiwa kuna wageni wakubwa wanakuja kuangalia bwawa. Nikaona ni aibu wakute majani, nikaagiza vibarua wafyeke milulu yote pale mto unapoingilia. Fundi Sanga alinikuta nimeshika panga mwenyewe.

"Unafanya nini, dada?"

"Nasafisha, Fundi. Bwawa lionekane bwawa."

Alivua viatu, akaingia majini, akaniita nimfuate. Upande wa juu wa milulu maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa, yamebeba udongo wa mashamba ya mlimani. Tulipopita katikati ya mabua na kutokea upande wa bwawa, niliona vidole vyangu vya miguu. Vyura walikuwa wanaruka pande zote, na kwenye shada la milulu kulikuwa na kiota chenye mayai ambayo panga langu lilikuwa limebakiza hatua chache kuyafikia.

"Hawa wakiondoka," alisema, "nani atakuchujia tope? Wewe na hilo panga?"

Wageni walikuja, wakalisifia bwawa kwa ujani wake. Nilizipokea sifa hizo kana kwamba milulu niliipanda mimi.

Siku hiyo hiyo, tukila mahindi ya kuchoma juu ya tuta linalozuia maji ya bwawa, Fundi Sanga alinipa somo ambalo limenikosesha usingizi tangu wakati huo. Alisema milulu ikiota pale mto unapoingia, iache. Ikiota kandokando ya maji, iache, inavunja mawimbi yasile tuta. "Lakini ukiikuta upande wa nyuma, chini ya tuta, kiangazi, mahali panapotakiwa kuwa pakavu, usikae ukaishangaa. Hapo kuna maji yanapita ndani ya tuta. Na maji yanayopita ndani yanaweza kuondoka na tuta lenyewe, punje kwa punje."

Ndipo aliponieleza matumizi ya glasi. Unakinga maji yanayovuja, unaiweka glasi mahali palipotulia, unasubiri. Maji yakibaki meupe, tuta linatoka jasho tu, na jasho si ugonjwa mkubwa. Ukiona udongo umetuama chini ya glasi, tuta linatapika matumbo yake.

Nilimuuliza kama amewahi kuliona hilo. Alisema katika ujana wake alikuwa mlinzi wa bwawa dogo, na mtu alimwambia kuna majimaji nyuma ya tuta, naye akasema atakwenda Jumatatu. Bwawa lilipasuka Jumapili watu wakiwa kanisani juu kilimani. Walipotoka ibadani, nyumba za bondeni hazikuwepo. "Watu walimshukuru Mungu," alisema Fundi Sanga. "Mimi nilishindwa hata kuimba. Nilikuwa nahesabu watoto."

Alistaafu, akarudi Makete, akafariki, nami nikamzika. Glasi alikuwa amekwisha nipa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo wengi wenu mmelisikia vipande vipande. Lilitokea nikiwa nimebakiza muda mfupi tu kazini, kwenye bwawa la kijiji kimoja cha Iringa ambacho sitakitaja, maana watu wake wapo na hawapendi kusemwa. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimezidi, na mwezi wa tisa bwawa lilikuwa bado limejaa. Wakulima walifurahi sana. Mbele yao alikuwa Bwana Kikoti, aliyehamia kutoka Ruaha Mbuyuni na ujuzi wote wa vitunguu vya kule. Alilima bonde zima kwa pampu zake za petroli, na alikuwa amepanda kuliko miaka yote.

Asubuhi moja nilikuwa naelekea bwawani nikakutana njiani na Bibi Konsolata, mzee msusi wa vikapu, amebeba mzigo wa milulu kichwani.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu. Umeamkaje?"

Nilikuwa nimeshampita nilipogeuka. Ile milulu ilikuwa mibichi, laini, imejaa maji. Mwezi wa tisa milulu ya kule huwa imekomaa na kukauka ncha.

"Bibi, hii umeikata wapi?"

Akacheka kwa furaha. "Mungu kanionea huruma magoti yangu. Siendi tena kule juu mtoni. Imeota hapa hapa karibu, nyuma ya bwawa. Njoo nikuonyeshe, ila usiwaambie wenzangu."

Nilimfuata. Chini ya tuta, pembeni kidogo ya mahali bomba la kutolea maji linapotokea, palikuwa na kipande cha kijani si kikubwa kuliko sebule. Pande zote nyasi zilikuwa njano. Nilikanyaga, buti likazama na kutoa sauti ya kunyonya. Bibi Konsolata alikuwa anaendelea kusifia urefu wa mabua. Niliinua macho nikaona kinachokaa chini ya bwawa lile: nyumba, zizi, na darasa la chekechea lililopakwa rangi ya bluu, watoto wanaimba.

Nilikinga maji kwenye glasi. Yalikuwa meupe. Nilisubiri, yakabaki meupe. Nilijiambia ni jasho tu, kisha nikayamwaga nikakinga tena.

Nilimpigia simu Injinia Mbwilo, kijana aliyekuwa mkubwa wangu. Alifika siku ile ile, akalala kifudifudi kwenye majani na shati lake jeupe, akaangalia mdomo wa bomba, akapigilia vigingi kwenye mipaka ya unyevu ili tujue kama unapanuka. Aliponyanyuka hakujifanya ana uhakika.

"Mama Lusajo, maji ni meupe. Nikisema tulimwage bwawa leo, watu hawa wanakosa msimu, na inawezekana hakuna kitu. Nikisema tuache..." Alitazama lile darasa la bluu. "Wewe unaonaje?"

"Mimi naogopa, Injinia."

"Hata mimi. Basi kaa hapa. Pima asubuhi na jioni. Nitakwenda kutafuta kokoto na watu wa kuchimba. Maji yakibadilika rangi tu, usiningoje mimi."

Nilipanga chumba kwa mwalimu wa chekechea. Asubuhi na jioni nilikwenda na glasi. Siku hizo sikuwa mtu wa kukaa naye. Chakula kilinishinda. Nikisikia debe limeanguka, nilitoka nje mbio. Mwalimu aliniuliza kama nina presha, nikamwambia ndiyo, ili asiulize zaidi. Lakini sikukaa kimya kabisa. Nilimwomba mwenyekiti wa kijiji aitishe mkutano, nikaeleza mbele ya ofisi ya kijiji kila nilichokiona na kila nisichokijua.

Bwana Kikoti alisimama kabla sijamaliza.

"Mama, ngoja nikuelewe. Umeona majani. Na kwa sababu ya majani unataka siku moja uamke umwage maji ambayo vitunguu vyangu vinayategemea?"

"Si majani tu, baba. Ni mahali yalipoota."

"Ee, yameota penye maji! Ulitaka yaote wapi, barabarani?"

Watu walicheka. Nami ningecheka, kama jambo lingekuwa la mtu mwingine. Bibi Konsolata aliniangalia kwa huzuni. Nadhani aliona amenichongea, au mimi nimemchongea yeye. Tulikubaliana jambo moja tu: chekechea ihamie kwenye jengo la kanisa juu kilimani mpaka Injinia arudi. Hata hilo lilipita kwa sababu mwalimu alisimama akasema yeye hatafundisha tena bondeni, wamtafute mwingine.

Asubuhi ya tatu au ya nne baada ya mkutano, sikumbuki vizuri, nilikuta unyevu umevuka vigingi vya Injinia. Nilikinga maji. Kwenye mwanga yalionekana sawa na ya jana. Niliiweka glasi juu ya jiwe, nikakaa. Wingu dogo likaanza kushuka ndani yake taratibu, kama uji unavyotulia, na chini ya glasi kukajikusanya udongo mwembamba, rangi ile ile ya udongo wa tuta.

Niliinua glasi kwa uangalifu. Kisha nilikwenda kwa mwenyekiti, akagonga kengele ya shule. Nikampigia Injinia. Alisema maneno ambayo nawaomba mshike: "Msizibe! Mkiziba, maji yatatafuta njia pengine. Wekeni mchanga pale yanapotokea, juu yake kokoto, maji yatoke lakini udongo ubaki. Na mshushe bwawa. Koki msiiguse, siijui hali ya lile bomba. Tumieni pampu. Mimi niko njiani, nakuja na lori la kokoto."

Pampu zilikuwa za mtu mmoja.

Nilimkuta Bwana Kikoti shambani, ameinama kati ya matuta ya vitunguu vilivyokuwa vimeanza tu kuvimba. Nilikuwa nimebeba glasi kwa mikono miwili nisiitikise. Nilimpa. Aliitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na jicho, akatia kidole chini na kusugua ule udongo.

"Huu umetoka ndani?"

"Ndiyo, baba."

"Wa tuta lenyewe."

"Ndiyo."

Aliangalia vitunguu vyake, bonde zima. Mke wake alikuwa amesimama upande wa pili, khanga kiunoni, anasikiliza.

"Mama Lusajo, unajua unaniomba nini? Unaniomba pampu zangu zimwage maji yangu."

"Najua."

"Na ukiwa umekosea?"

"Nikiwa nimekosea utanilaumu mpaka nife, nami nitakubali."

Mke wake ndiye aliyejibu. "Baba Neema, washa mashine. Nyumba yetu iko bondeni."

Aliwasha. Mipira ya pampu zake ilivushwa juu ya tuta, nazo zikatupa maji kwenye mkondo wa mto zikinguruma bila kupumzika. Watu walitoka kila nyumba. Mchanga ulibebwa kutoka mtoni kwa ndoo, kwa mabeseni, na akina mama walipokosa vyombo walibeba kwa vikapu vyao vya milulu vilivyokuwa vimesukwa kwa ajili ya kuuza. Tuliumwaga mchanga juu ya kile kijani, juu ya mabua mazuri ya Bibi Konsolata. Alikuwa kwenye mstari na yeye, anapokea na kupitisha.

"Ninyi mwageni tu," alisema. "Mimi nitarudi kule juu."

Injinia alifika na lori. Tukaweka kokoto. Jioni nilikinga tena maji. Yalikuwa bado na uchafu. Kesho yake uchafu ulipungua. Sikuamini glasi, nikakinga mara ya pili, na ya tatu, mpaka Injinia akanishika bega akaniambia nikanywe chai. Familia za bondeni zilihamia kwa jamaa, mbuzi na magodoro vikipanda kilima pamoja. Siku zile zote kila mtu alitembea akiwa amegeuza shingo kutazama bwawa.

Maji yalipokuwa yamebaki kidogo, mafundi walichimba kando ya bomba. Zile kola za zege zinazozuia maji yasifuate bomba zilikuwa zimepasuka, na pembeni yake palikuwa na tundu. Injinia aliingiza mkono. Ukaingia mpaka kiwiko, ukaingia mpaka bega, na shavu lake likawa limegusa udongo. Alikaa hivyo hivyo kidogo, macho amefumba. Aliutoa, akasogea pembeni. Bwana Kikoti naye akavua saa akaingiza wake.

Ningependa kuwaambia mambo yaliishia kwa vigelegele. Vitunguu vilikosa maji wakati vinapoyahitaji, vikatoka vidogo kama ndimu, na wanunuzi wakavipita. Bwana Kikoti aliuza pampu moja na pikipiki. Hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko lawama. Alikuwa ananisalimia vizuri kabisa na kupita. Wapo waliosema tuta lingeweza kuvumilia mpaka mavuno. Inawezekana. Hilo ndilo litakalowasumbua katika kazi hii: ukiwahi, hakuna atakayejua kama ulihitaji kuwahi, wewe mwenyewe ukiwamo.

Tuta lilifumuliwa sehemu ile, likashindiliwa upya, bomba likawekwa jipya, na chini pakajengwa mchujo wa mchanga na kokoto. Kile kipande cha milulu kilikauka chote. Kule juu mto unapoingilia, kijiji kiliweka mpaka: hakuna kulima ndani ya milulu, na akina mama wanakata kwa zamu, upande mmoja mwaka huu, mwingine mwakani. Bibi Konsolata amewekwa msimamizi na ni mkali, amekwisha mfukuza hata mjukuu wa mwenyekiti.

Kisha mvua zikaja. Zililijaza bwawa siku baada ya siku, mpaka mchana mmoja ikaanza nzito, haikukatika usiku kucha. Niliamka alfajiri mjini Iringa nikachukua gari la idara bila kunywa chai. Njiani nilikuwa najaribu kukumbuka kama kila tabaka la udongo lilishindiliwa mbele ya macho yangu. Lilishindiliwa. Nilianza kukumbuka upya.

Nilipofika, bwawa lilikuwa limejaa na maji ya ziada yanapita njia yake kwa kishindo. Nilishuka nyuma ya tuta nikishikilia nyasi nisiteleze. Kulikuwa na mtu tayari. Bwana Kikoti alikuwa amechutama chini ya tuta, koti la mvua mgongoni, amechomeka vidole vyote vya mkono mmoja kwenye kokoto, pale maji ya mchujo yanapotokea.

Hakugeuka. Alikuwa amenisikia.

"Nipo hapa tangu kulipopambazuka," alisema. "Usingizi umenikataa. Hivi hali hii inaisha lini, mama?"

Nilichutama pembeni yake, nikaingiza mkono wangu karibu na wake. Maji yaliyopita kati ya vidole vyetu yalikuwa kidogo, baridi, na meupe kabisa.

"Mimi naondoka mwezi ujao," nikamwambia. "Nitakuwa nakupigia simu kila ikinyesha."

"Piga," alisema. "Mimi nitakuwa hapa."